Jodari aliyeiva vizuri: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Lamu

Kisa hiki kilitokea katika kituo kidogo cha afya kwenye mojawapo ya visiwa vya Lamu, na zamu ya usiku ule ilikuwa yangu. Majina, kijiji na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Wenyewe wameridhia kiandikwe. Nakiandika kwa wenzangu wa vituo vya pwani, na kwa walimu wa biolojia ambao kila mwaka hufundisha vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, kwa mfano wa mate na wanga, ilhali mfano mkali zaidi umelala sokoni kwenye meza ya samaki.

Usuli

Mgonjwa, tumwite Bi M., alikuwa na miaka ishirini na kitu, ameolewa mwaka uliotangulia na anaishi nyumbani kwa wakwe zake. Hakuwa na pumu wala historia ya mzio wowote, na samaki anakula tangu alipoachishwa ziwa. Miezi miwili kabla ya kisa, baba mkwe wake alipatikana na kifua kikuu. Watu wa nyumba wakachunguzwa, wote wakaonekana salama, wakapewa ushauri wa kumeza dawa ya kinga. Aliyekubali ni Bi M. peke yake. Mumewe alisema yuko baharini siku nyingi, atasahau. Mama mkwe alisema hamezi dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Basi Bi M. akaanza isoniazidi miligramu 300 kila siku kwa miezi sita, pamoja na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu.

Sasa samaki. Ilikuwa msimu wa kaskazi, bahari shwari, jua la utosi. Shemeji yake alikuwa ametoka na mashua usiku, na alfajiri wakampata jodari wa kilo ishirini na ushei kwa mshipi, nje ya miamba. Barafu hawakubeba, kwa kuwa safari ilikuwa ya karibu. Wakirudi, mashine ikazima. Walifika pwani saa nane mchana, jodari akiwa chini ya gunia bichi tangu saa kumi na mbili asubuhi, matumbo na matamvua yake yote yamo. Mnunuzi mwenye barafu alimbonyeza tumbo, akamfunua matamvua, akatikisa kichwa. Samaki aliyekataliwa na mnunuzi huwa kitoweo cha jamaa: akakatwa vipande, kila nyumba ikapata fungu lake. Nyumba ya Bi M. ilipata nyama ya tumbo, kwa kuwa ndiyo yenye mafuta na mzee huipenda.

Fungu lile lilikaa kwenye beseni hadi baada ya alasiri. Mama mkwe akalikamulia ndimu, akatia chumvi na thomu, kisha akalipika mchuzi wa nazi mpaka tui likakaza. Nilimhoji juu ya mapishi hayo mara tatu kwa nyakati tofauti, na mara zote tatu maelezo yalikuwa yale yale.

Usiku wenyewe

Walikula baada ya isha, watu kumi na mmoja, sinia mbili. Bi M. anakumbuka kwamba tonge la pili lilimwasha ulimi. "Nilidhani mama ametia pilipili," alinieleza baadaye, "nikaona haya kuuliza." Haikufika nusu saa kichwa kikaanza kugonga, moyo ukaenda mbio, mwili ukawasha, akaenda chooni mara mbili. Aliporudi mara ya pili alianguka mlangoni.

Aliletwa saa tatu na robo, amekaa kwenye kiti cha plastiki kinachobebwa na wanaume wawili, kichwa kimelala begani. Mapigo ya moyo yalikuwa 132 kwa dakika, shinikizo la damu 82/48, pumzi 24. Kifua kilikuwa safi, hakuna mluzi, na koo halikuvimba. Kifuani na mikononi alikuwa na vipele vichache vilivyovimba. Vitabu husema uso wa mgonjwa kama huyu huwa mwekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo hufichika, na anayeusubiri aone atasubiri sana. Nilichokiona ni macho mekundu kama ya mtu aliyekaa na moshi, na shavu lililochoma mgongo wa mkono wangu huku kipimajoto kikisoma 36.8.

Nilimpiga adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, nikamlaza na kuinua miguu, nikamtundikia maji ya chumvi lita moja, kisha klofenirami kwa mshipa. Nikaongeza haidrokotisoni. Dakika ishirini baadaye shinikizo lilikuwa 104/66 na alikuwa anaitika anapoitwa. Nikachukua kadi yake, nikaandika kwa herufi kubwa: MZIO WA SAMAKI.

Saa nne kasoro akaja mama mkwe mwenyewe, ameshika kichwa kwa mikono miwili, nyuma yake wajukuu wawili wanajikuna. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi:

"Daktari, mwanangu, samaki yule nimempika kwa mkono wangu. Ameiva. Usiniambie ni chakula."

"Sina shaka ameiva, mama."

"Basi ni kijicho. Huyu mtoto ameingia nyumbani juzi tu, na watu wana macho."

Sikubishana naye. Lakini nilipohesabu nikapata wanne, na kabla ya saa tano wakawa sita, wote wa samaki mmoja, wote ndani ya muda mmoja. Mzio ni ugomvi wa mwili wa mtu mmoja na kitu kimoja, na haugongi watu sita wa nyumba moja usiku mmoja. Nilichokuwa nimekiandika kwenye kadi kilianza kunisumbua.

Maamuzi na sababu zake

Adrenalini sijutii, na ningempa tena. Mtu aliyeanguka, mwenye vipele na shinikizo la 82, haulizwi kwanza jina la ugonjwa wake. Ukingoja kutofautisha mzio mkali na sumu ya samaki, unaweza kupoteza mtu. Haidrokotisoni ilikuwa mazoea tu. Haikumdhuru wala haikumfaa, kwani katika hali hii dawa inayofanya kazi ni ile ya kuzuia histamini, kemikali inayoleta kuwasha na kushusha shinikizo, kama klofenirami.

Wale watano wengine niliwapa setirizini ya kumeza, nayo ni dawa ya kuzuia histamini, na nikawaweka kwenye benchi hadi saa saba usiku. Jamaa mmoja alisisitiza wapewe antibiotiki "kwa sababu samaki ameoza." Nilikataa. Kufikia hapo bakteria waliotenda kosa walikuwa wamekwisha kufa sufuriani. Kilichobaki mwilini ni kitu walichokiacha nyuma, na antibiotiki haina la kukifanya.

Bi M. nilimlaza hadi asubuhi. Hapo sikuwa na sababu nzuri ya kueleza kwa nini yeye ameangushwa na wengine wamewashwa tu. Nilijiambia huenda alikula zaidi.

Swali la asubuhi

Muuguzi wa zamu ya asubuhi ndiye aliyekipata kisa hiki, si mimi. Alikuwa anampa Bi M. uji, na mgonjwa akamuuliza kwa sauti ya chini: "Dada, kile kidonge changu cha kila siku nimeze leo, ama nikiache?"

Kidonge gani? Cha kifua, cha kinga. Muuguzi akaingia chumba cha pili, akafungua daftari la kifua kikuu, jina likawamo. Chumba hicho kiko hatua sita kutoka kitanda alicholala. Mimi usiku nilimuuliza mumewe kama mkewe ana mzio wa dawa yoyote, akasema hapana. Sikuuliza anameza dawa gani.

Kilichotendeka ndani ya jodari

Hapa ndipo sehemu ninayotaka isomwe polepole.

Nyama nyekundu ya jodari, kibua na dagaa ina wingi wa asidi amino iitwayo histidini, iliyo huru ndani ya misuli, haijafungwa kwenye protini. Changu, tewa na tafi wanayo kidogo sana. Samaki akiwa hai, bakteria hukaa kwenye matamvua na utumbo, na mwili huwazuia wasivuke. Akifa, ukuta huo unaanguka na wao huingia nyamani, wakianzia jirani na tumbo na matamvua.

Baadhi ya bakteria hao, Morganella morganii akiwa maarufu kuliko wote, wana kimeng'enya kiitwacho histidini dekaboksilesi. Kazi yake ni moja: hushika molekuli ya histidini, huing'oa kaboni dayoksaidi, huachilia kinachobaki. Ukipenda hesabu, uzito wa molekuli ya histidini ni 155, wa kaboni dayoksaidi ni 44, na kinachobaki ni 111. Hiyo 111 ndiyo histamini. Bakteria hafanyi hivyo kwa ubaya. Mabadiliko hayo hula asidi na kumsaidia kuishi mahali penye uchachu. Sisi tunapata hasara njiani.

Kimeng'enya chenyewe hakitumiki kikaisha. Kikimaliza molekuli moja hushika nyingine, na kadiri joto linavyopanda kutoka kwenye baridi ya barafu kuelekea joto la mchana wetu, kasi yake huongezeka, na bakteria wenyewe huzaana wakaleta vimeng'enya zaidi. Muda wa saa nane chini ya gunia unatosha kabisa. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani unataka samaki wa aina hii, akiwa kwenye hewa au maji ya zaidi ya nyuzi 28, awe kwenye barafu ndani ya saa 6 tangu kufa, na mapema zaidi ndiyo bora. Gunia bichi huzuia nyama kukauka, lakini si barafu.

Sasa sufuria. Kimeng'enya ni protini, uzi mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na kazi yake yote imo kwenye umbo hilo. Moto huukunjua uzi, umbo likapotea, kazi ikafa, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe na haurudi tena kuwa ute. Kwa hiyo mama mkwe alisema kweli tupu: mchuzi wake uliua bakteria na uliua kimeng'enya. Lakini histamini si protini. Ni molekuli ndogo isiyo na mkunjo wa kukunjuliwa. Ichemshe, ikaange, ianike, itie moshi, igandishe, itabaki histamini. Moto wa jioni ulimkamata fundi baada ya kazi kukabidhiwa.

Na ndimu? Ndimu ilinivutia kuliko yote. Sote pwani tunajua huondoa shombo, na huondoa kweli: harufu ile hutoka kwa amini nyepesi zinazoruka hewani, na asidi huzigeuza chumvi isiyoruka. Kumbe basi inatuziba pua. Histamini yenyewe hainuki kiasi cha kumtahadharisha mpishi. Jodari anaweza kuwa na rangi nzuri, shombo limekwisha, na bado akawa amevuka kikomo cha Codex Alimentarius, viwango vya kimataifa vya chakula, yaani miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki. Onyo pekee linalomfikia mlaji ni lile la ulimi kuwasha kama pilipili, na Bi M. aliona haya kuuliza.

Na ndani ya utumbo

Histamini si mgeni mwilini. Seli zetu wenyewe huitengeneza kutoka histidini ile ile, na huiweka akiba ndani ya seli za kinga. Katika mzio, akiba hiyo ndiyo inayomwagwa. Katika kisa chetu ilitoka nje, kwenye sahani. Mwili haujali ilikotoka: mishipa midogo hupanuka, shinikizo hushuka, ngozi huwasha. Ndiyo sababu picha mbili hizo hufanana hadi humkanganya daktari.

Kwa kawaida mtu anaweza kula kiasi fulani asione kitu, kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kingine, daiamini oksidesi, kinachoivunja histamini kabla haijaingia kwenye damu. Huyo ni bawabu. Isoniazidi humfunga mikono bawabu huyu. Maradhi ya namna hii kwa watu wanaomeza isoniazidi baada ya kula jodari na jamaa zake yamekwisha kuripotiwa sehemu mbalimbali za dunia, na wengine wao walikula samaki ambaye wenzao mezani hawakumwona na kasoro kubwa.

Kwa hiyo jikoni mle vilikutana vimeng'enya viwili: kimoja cha bakteria kilichofanya kazi kupita kiasi mchana kutwa, na kimoja cha mwanadamu kilichozuiwa na kidonge cha asubuhi. Wale watano walikutana na cha kwanza tu. Sitaki kuvuka mpaka hapa: histamini haienei sawasawa ndani ya samaki, kipande kimoja huweza kuwa nayo tele na cha pili kidogo, na Bi M. huenda pia aliangukiwa na kipande kibaya. Sababu mbili hizi hazikatazani.

Jambo la pembeni kwa walimu. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira kwa mchanga, akaikamua, akauchuja utomvu usio na seli hai hata moja, akautia sukari, na sukari ikachachuka. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Alionyesha kwamba kimeng'enya hakihitaji aliyekitengeneza awe hai. Fundisha hilo kwa friza: baridi humlaza bakteria, huenda ikamuua, lakini kimeng'enya alichokwisha kukitoa hubaki kimeduwaa, na barafu ikiyeyuka huendelea pale kilipoachia.

Matokeo

Bi M. aliruhusiwa saa nane mchana. Tulimpigia simu msimamizi wa huduma za kifua kikuu, tukakubaliana asiache dawa. Siku iliyofuata alimeza kidonge mbele yetu, akakaa saa moja, hakuna kilichotokea, na hilo likaondoa wasiwasi kwamba kidonge chenyewe ndicho kilichomchukiza. Aliambiwa hadi atakapomaliza dozi aepuke jodari, kibua, dagaa, samaki wa kukaushwa na jibini lililokomaa, ale changu, tafi na tewa kadiri anavyotaka. Alimaliza miezi sita. Baadaye alikula jodari aliyetoka moja kwa moja kwenye barafu, bila hata kuwashwa.

Friza niliyoitaja si mfano wa darasani. Siku ya nne aliletwa kijana wa nyumba ya tatu kutoka pale, uso wa moto, anajikuna. Mamake alikuwa amegandisha fungu lao usiku ule, akalitoa, akalipika vizuri. Setirizini moja ilimtosha. Lakini yule alikuwa mgonjwa wetu sisi, tuliyemtengeneza kwa kutouliza swali moja.

Tulipofaulu na tulipoteleza

Tulifanya sawa kutibu dalili kabla ya kutafuta jina, na kutoacha kinga ya kifua kikuu kwa hofu. Kumwachisha Bi M. isoniazidi kungekuwa rahisi, na kungemwacha na hatari kubwa kuliko ya mchuzi.

Kadi ndiyo iliyoniaibisha. Kumwandikia mke wa mvuvi "mzio wa samaki" ni kumnyima chakula cha maisha, na katika nyumba mpya ni zaidi ya chakula: ni bibi arusi asiyeweza kula sinia moja na wenziwe. Niliyaandika maneno hayo nikiwa na mgonjwa mmoja tu mbele yangu, na nilichelewa kuyafuta hata baada ya kuwahesabu sita. Yamefutwa sasa kwa mstari mmoja, na juu yake nimeandika "sumu ya histamini, si mzio" na sahihi yangu.

Kosa la pili ni mabaki. Niliwaambia watupe mchuzi uliobaki, wakautupa, na paka wa mtaa wakaumaliza kabla ya jua kuchomoza. Ningebakisha kipande kwenye mfuko, nikakigandisha na kukituma kupimwa, tungekuwa na namba. Sasa tuna muda wa dalili, idadi ya watu, ulimi uliowasha na dawa iliyofanya kazi haraka. Vinatosha kwa matibabu, lakini havitoshi kwa afisa wa afya ya umma anayetaka kwenda kuzungumza na wenye mashua.

La tatu ni mafungu. Samaki wa kilo ishirini hawezi kuishia nyumba moja Lamu. Tulipaswa kuuliza usiku ule ule: nani mwingine aligawiwa?

Juu ya mnunuzi aliyetikisa kichwa nimefikiri sana. Alijua kitu kwa kidole chake, akajilinda yeye, wala hakusema neno. Wala sisi hatujawahi kumwambia kwamba neno lake lina faida kwetu. Afisa wa afya ya umma ameanza kukaa naye pwani siku za mauzo, na makubaliano yao ni haya: jodari akikataliwa, mwenye mashua anaambiwa kwa nini, palepale.

Kituoni tumeongeza mstari mmoja kwenye fomu ya dharura, chini ya mzio: "Dawa anazomeza kila siku." Daftari la kifua kikuu bado liko chumba cha pili, lakini ufunguo wake sasa unaning'inia kando ya kabati la adrenalini.